Vidole vya Machela ya Nne

“Hebu niambie ukweli, Mama Ruguru. Kati ya anayeshika machela mbele na anayeshika nyuma, ni nani huumia zaidi?”

Swali hilo Cicily alimwuliza Igoki siku moja walipokuwa wakifua pamoja nguo za waume wao, nguo zilizojaa matope na damu ya watu wasiowajua. Igoki alicheka. Akamjibu kwamba wakipanda mlima ni wa nyuma ndiye huumia, kwa sababu uzito wote humrudia yeye.

“Basi huyu wangu asikubali kukaa nyuma,” Cicily akasema, wakaendelea kusugua.

Leo hakuna wa kucheka. Juma lililopita tulimwacha Igoki mlangoni kwake pale Kanja, mwiko mkononi, Landrova ya polisi ikisimama barabarani katikati ya mageti mawili, lake na la jirani yake Cicily. Igoki alijua wamemjia nani. Tangu mwaka ule alioolewa alikuwa akiingoja Landrova ile.

Askari wawili wakashuka. Mmoja akakunjua karatasi. Igoki akafumba macho akaanza kuomba.

Alipoyafumbua, askari walikuwa wanafungua geti la Cicily!

“Ndwiga ni nani hapa?”

“Ni mimi.” Ndwiga alitoka na kikombe cha chai, amekibana katikati ya viganja viwili kama mtoto mdogo, kwa maana mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji, haikuonekana hata ncha ya kidole.

“Na lile jina lako lingine?”

“Petero. La ubatizo.”

“Sitaki la ubatizo. Nataka lile la Kiambere.”

“Kiambere? Afande, Kiambere nimeenda mara moja kununua mbuzi, na hata huyo mbuzi alikufa.”

Askari akacheka mpaka kofia ikamlegea. “Njuki, Njuki! Miaka kumi na moja tunakutafuta, kumbe unakunywa chai Kanja. Ingia kwa gari.”

Mwiko ukamwanguka Igoki. Kwa maana Njuki hakuwa Ndwiga. Njuki alikuwa mume wake yeye.

Wewe uliyeanza kusoma leo, vuta kiti nikueleze upesi. Wakati bwawa la Kiambere linajengwa, kulikuwa na kibarua mmoja kijana jina lake Njuki. Stoo ilivunjwa, mlinzi akapigwa akapoteza jicho, na Njuki akafungwa miaka saba. Mwaka wa pili akatoroka akiwa kwenye shamba la jela. Akapanda huku juu, akachukua jina la babu yake, Kivuti, akaokoka, akaoa. Igoki aliambiwa siku tatu baada ya harusi. Akalia, akasamehe, akanyamaza.

Na Kivuti akawa mtu mwema. Yeye na Ndwiga walikuwa wa kwanza kuingia Kikundi cha Machela, wale watu wa kanisa ambao kengele ikilia siku isiyo ya ibada huacha majembe shambani na kukimbia bondeni, pale kwenye kona magari yanapobiringika. Machela sita, kila moja watu wawili, na ya nne ilikuwa yao. Hawalipwi hata senti.

Mwezi wa tatu likaja tangazo. Wezi wamejifanya waokoaji na kuwavua majeruhi saa na viatu, kwa hivyo hakuna mtu atakayevuka kamba ya polisi bila beji. Na beji haipatikani bila kuchovya vidole vyote kumi kwenye wino.

“Ni kuwalinda nyinyi wenyewe,” alisema Bwana Munene, karani mkuu wa hospitali ya misheni. “Kadi zitakaa kwa kabati langu, na ufunguo ni mmoja.”

Igoki alimsihi mumewe ajifanye mgonjwa siku hiyo. Kivuti akakataa. Nisipoenda, akasema, wataniuliza kwa nini. Alikwenda ukumbini, akarudi na vidole vyeusi, akala ugali wake vizuri kabisa. Igoki alishangaa ule utulivu. Alidhani ni maombi yake yamejibiwa.

Sasa rudi nami getini.

Landrova iliondoka na Ndwiga. Cicily akakimbia nyuma yake hadi kiatu kimoja kikabaki barabarani. Igoki akakiokota. Hakujua la kufanya nacho, akakishika tu.

Kivuti alirudi kutoka shamba la kahawa saa sita.

“Wamechukua Ndwiga,” Igoki akamwambia.

“Nimesikia.”

“Wanamwita Njuki.”

Kivuti akaendelea kuosha miguu. Akaosha mguu mmoja mara mbili.

“Wamekosea,” akasema. “Watamwachilia tu.”

Siku ya pili yake, Igoki na Cicily waliongozana na Mzee Nthiga, mwenyekiti wa Kikundi, hadi ofisi ya Bwana Munene. Waliketishwa saa nzima kwenye benchi la wagonjwa. Walipoingia, Mzee hakusubiri kukaribishwa kiti.

“Bwana Munene, ulituambia kadi hazitatoka hapa.”

“Na hazijatoka, mzee wangu. Kabati ni hili, kufuli ni hii. Kilichotoka ni nakala.”

“Nakala?”

“Waliziomba wakubwa wa polisi. Nitawakatalia mimi nikiwa nani? Ilikuwa ni kuangalia tu, za watu wote kumi na wawili.”

Cicily akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. “Kwa hivyo bwana yangu ako hapa kwa kabati, na aliyefungwa ni nakala yake? Basi fungua, nipe huyu wa kabati nirudi naye nyumbani.”

Munene akatazama dirishani.

“Mgonjwa tukimleta hapa,” Mzee Nthiga akasema, “daktari hatoi siri yake hata kwa ndugu yake. Sisi tuliomleta mgongoni, siri zetu zinapita huko kama karatasi za mnada. Na hamkutuuliza.”

“Mzee, mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?”

Igoki akageuza uso.

“Wamchukue vidole tena walinganishe,” Mzee akasema. “Si ni kazi ya dakika moja?”

Kisha Mzee mwenyewe akakumbuka. Juma la pili baada ya siku ile ya wino, pikapu iliyobeba mapipa ya mafuta taa ilipinduka ikashika moto. Ndani kulikuwa na mama na mtoto. Ndwiga alishika mlango wa chuma uliokuwa mwekundu, akauvuta, ukafunguka. Mama na mtoto walipona. Ngozi ya vidole vya Ndwiga ilibaki kwenye mlango. Koti lake liliteketea, na kitambulisho kilikuwa mfukoni.

“Polisi wanasema alijichoma makusudi,” Munene akasema kwa sauti ya chini. “Wanasema alishajua kadi zimeenda.”

“Na watu wote waliokuwa pale?”

“Watu ni midomo tu, mzee. Wao wanataka karatasi.” Akafungua kabati, akatoa kadi moja, akaiweka mezani. “Karatasi ni hii. Machela ya nne, mbele. Ndwiga.”

Igoki akainama kuangalia.

Kwenye dole gumba la kushoto, mistari ilikuwa imekatwa na kovu lililolala upande, jembamba kama njia ya mchwa. Kovu hilo aliliuguza yeye mwenyewe. Ilikuwa ni panga, mwaka wa kwanza wa ndoa, Kivuti akikata nguzo za boma.

Igoki akashika ukingo wa meza.

“Majina,” akauliza, “majina mliandika vipi?”

“Niliita kwa machela. Machela ya nne, mbele! Mtu anasimama, anachovya. Kisha nikajaza majina kutoka kwa orodha ya katibu wenu Lydiah. Ilikuwa kazi safi.”

Safi kwa mtu ambaye hajawahi kubeba. Orodha ile iliandikwa mwezi wa kwanza, Ndwiga mbele, Kivuti nyuma. Lakini kila aliyewahi kupanda kutoka bondeni anajua kwamba katikati ya mlima kuna mwamba, na hapo mwambani yule wa nyuma hupiga kelele, “Badili!” nao hubadilishana, ili mlima usimuue mtu mmoja. Wa mbele na wa nyuma ni maneno ya karatasi. Kivuti alisimama kwa zamu ya Ndwiga kwa kusahau tu. Mara ya mwisho alifika juu akiwa mbele. Ndivyo Igoki alivyojiambia, akashikilia hapo.

Angeweza kusema. Mdomo wake ulifunguka kabisa. Cicily alikuwa ameegemea bega lake, analia polepole, na Igoki aliuhisi ule unyevu ukipenya sweta.

Akaufunga mdomo. Mungu anisamehe, alisema moyoni, nina mtoto.

Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kengele ya kanisa ikalia. Haikuwa saa ya ibada. Igoki alisimama uani akangoja kusikia miguu ya watu ikikimbia, kama ilivyokuwa siku zote.

Hakusikia kitu.

Ng’ambo ya ua, Mugambi wa machela ya pili alikuwa analima viazi. Hakuinua hata kichwa.

“Mugambi! Husikii kengele?”

“Nimeisikia.”

“Si uende?”

“Nikashike mlango wa gari niache kidole changu hapo? Mama Ruguru, mimi nilikuwa na kesi ndogo ya pombe kule Nkubu nikiwa kijana. Nililipa, ikaisha. Jana polisi wameniuliza juu yake. Walijuaje? Jembe halina wino.” Akaendelea kulima.

Walikwenda wawili tu, Mzee Nthiga na Lydiah katibu, mzee wa miaka sitini na mwalimu mwenye kiatu cha visigino. Kulikuwa na mama mmoja wa sokoni aliyevunjika nyonga. Walimbeba hadi kwenye mwamba, wakaita “Badili!” wao kwa wao, wakabadilishana, lakini hawakuweza kumwinua tena. Mama yule alifia pale kwenye mwamba akiwauliza kama wengine wako njiani.

Kivuti hakwenda. Alisema hana mwenzake wa kubeba naye.

Jumapili, baada ya ibada, Lydiah alisimama mlangoni mwa kanisa na mfuko wa plastiki. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Beji zimefika,” akasema, kama mtu anayetangaza matanga.

Kila beji ilikuwa kikaratasi kilichofunikwa plastiki, jina juu, na chini yake alama ya dole gumba la kushoto. Watu waliziweka mfukoni bila kuzitazama. Igoki akachukua ya mumewe, maana Kivuti hakuja kanisani. Cicily akachukua ya Ndwiga.

Wakateremka pamoja njia ya nyumbani. Cicily alikuwa ameibusu ile beji mpaka plastiki ikapata ukungu.

“Nilienda kumwona jana,” akasema. “Mikono inatoa usaha. Hawambadilishii bendeji. Kesho wanampeleka kortini, na afande amenitajia, miaka iliyobaki na mingine juu yake kwa kutoroka. Ndwiga ananiambia nisiuze ng’ombe. Mtu anaenda jela anafikiria ng’ombe!”

“Mungu yupo, Mama Mukiri.”

“Yupo. Lakini hii ndiyo nimebaki nayo.” Akaishika beji kwenye mwanga. “Angalia. Mikono yake haitakuwa na alama tena, daktari amesema. Kidole cha bwana yangu ni hiki tu.” Kisha akasimama. “Lakini hii ni nini hapa? Kama ufa. Ndwiga hana kovu kwenye kidole.”

Igoki akatazama njia.

“Ni wino,” akasema. “Wino uliteleza.”

“Ni wino?”

“Ni wino.”

Igoki hakuwahi kusema uongo akitoka kanisani. Alishangaa ulivyotoka kwa urahisi.

Cicily akaiweka beji kifuani, ndani ya nguo. “Kuna neno Ndwiga amenituma,” akasema. “Ameniambia nimwulize Baba Ruguru, tena nimwulize polepole, asije akafikiri anasingiziwa. Afadhali nikuambie wewe. Anasema siku ile ya wino, walipoitwa, alikuwa anasimama kwa kuwa ndiye wa mbele, Baba Ruguru akamshika bega akamwambia, leo mimi naenda mbele. Ndwiga akaona ni utani wa watu wa machela, akakaa, akaenda wa pili. Sasa analala kule akijiuliza kama hiyo ina maana yoyote. Hajawaambia polisi. Anasema hawezi kutaja jina la mtu aliyebeba naye kabla ya kumsikia.”

Akamtazama Igoki usoni.

“Ina maana, Mama Ruguru?”

“Nitamwuliza,” Igoki akasema.

“Mwulize leo. Kesho ni kortini.”

Nyumbani, Kivuti alikuwa amekaa mezani, redio imezimwa. Mtoto alikuwa ametumwa kwa nyanyake. Jua la saa kumi na moja liliingia mlangoni likafika hadi kwenye magoti yake. Igoki hakuvua kitambaa cha kanisani. Alivuta kiti akaketi mbele yake.

“Baba Ruguru. Siku ya wino ulisimama mbele kwa kusahau?”

“Sisi hubadilishana. Unajua.”

“Mnabadilishana mlimani. Ukumbini kulikuwa na mlima gani?”

Kivuti akakuna mbao ya meza kwa ukucha.

“Ulimshika bega,” Igoki akasema. “Ulimwambia leo naenda mbele.”

“Nani amesema?”

“Yeye. Na hajawaambia. Anakungoja wewe kwanza.”

Hilo lilimpiga Kivuti kuliko kofi. Akainamisha kichwa. Aliponena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, labda ya yule Njuki ambaye Igoki hakuwahi kukutana naye.

“Nilijua kadi zitatoka. Kadi hutoka. Nilisikia Munene akiita kwa machela, nikaona orodha ya Lydiah pale mbele yake. Nikasema moyoni, wakimjia Ndwiga watamchovya tena, wataona si yeye, watamwachilia siku hiyo hiyo. Na mimi ningepata siku moja ya kukuchukua wewe na mtoto tuondoke.”

“Twende wapi? Tukaitwe nani?”

“Sikufika hapo.”

“Na moto?”

“Moto sikuujua!” Akapiga meza. “Ningejuaje moto? Nilikuwa nimeshika machela nyuma yake. Nilimwona akishika ule mlango. Nilitaka kumwambia acha, hivyo vidole utavihitaji. Nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na mtoto ndani.”

Nje, kuku walikuwa wanaparua.

“Majuma matatu umekaa na hilo,” Igoki akasema.

“Na wewe umekaa na langu miaka tisa.”

“Ndiyo. Na leo nimemdanganya Mama Mukiri, nimetoka kanisani, Biblia kwapani. Nilidhani ninabeba dhambi yako ya zamani. Kumbe ulikuwa unaniongezea mpya juu yake.”

“Nikienda kituoni, sirudi. Unaelewa? Ruguru atakuwa mama kabla nirudi.”

“Naelewa.”

“Na usipoelewa wewe, nani ataelewa?”

Igoki alitaka kumwambia asiende. Usiniulize kwa nini, wewe msomaji mwenye mume utajua. Alimpenda na alimwogopea, na alimwona Ndwiga amebana kikombe katikati ya viganja. Alitafuta njia ambayo hakuna mtu angeumia, kama alivyoitafuta usiku na mchana tangu Landrova ije. Hakuiona, wala hakutazamia kuiona.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa beji, akaiweka mezani katikati yao.

KIVUTI, ilisema.

“Hiki ni kidole cha Ndwiga,” akasema. “Alichovya wa pili, kikawekwa chini ya jina lako. Nje ya lile kabati na zile nakala hakuna kingine duniani. Tafuta kovu lako hapo, Baba Ruguru. Hata askari asiyejua kusoma ataona halipo.”

Kivuti akaivuta beji karibu. Kisha akageuza dole gumba lake la kushoto juu, akaliweka kando ya ile alama, kidole chenye kovu na kidole kisicho na kovu.

Jiko lenye moto lilikuwa hatua mbili kutoka alipoketi. Mlango ulikuwa hatua tatu.

“Mama Mukiri anangoja jibu,” Igoki akasema. “Nitamwambia nini?”

Kivuti akaichukua beji. Akasimama, akatoa koti msumarini akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni ingawa hakukuwa na baridi. Akasimama kando ya jiko, na beji ilikuwa ndani ya ngumi, na Igoki hakuweza kuona kama ngumi inafunguka.

“Baba Ruguru?”

Akatoka nje.